Jicho Lililofungua Ndiva

Taa ya lango la maji ililikataa jicho langu la kulia asubuhi, mbele za watu.

Nilikuwa nimesogeza uso kwenye kioo kama siku zote, nikakodoa, nikasubiri kijani. Ikawaka nyekundu. Nikadhani ni ukungu. Nikafuta kioo kwa upindo wa kanga, nikakodoa tena. Nyekundu. Nyuma yangu watu wa kitongoji cha Juu walisimama na majembe yao, kimya, na kimya cha Wapare si cha subira. Ni cha mtu anayepanga maneno ya kwenda kusema barazani.

"Fundi, vipi? Umelala vibaya?" aliuliza Elinami. Yeye ndiye msemaji wa Juu, na ni mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo anajiona ana haki ya kuniharakisha.

"Nimelala vizuri kuliko wewe," nilimjibu.

Nilikuwa nadanganya. Kwa siku kadhaa masizi yalikuwa yakielea mbele ya jicho lile, madogo madogo, yanakwenda kila ninapotazama. Nilikuwa nayapunga kwa mkono nikidhani ni visubi. Juzi yake nilishona mkono wa gauni la harusi kinyume, nikafumua, nikashona tena kinyume. Nilijitukana, nikasema ni uzee.

Nikaweka jicho la kushoto. Kijani. Bamba la chuma likapanda, maji yakatoka ndivani, bwawa letu la kumwagilia, yakinguruma, na watu wa Juu wakakimbilia mfereji wao bila hata kunishukuru. Nilibaki nimekaa pale kwenye kigoda, maana nilijua nini kimetokea. Lango lilikuwa linayatambua macho yangu mawili. Sasa lilibaki na moja.

Mtu asiye wa huku atauliza kwa nini lango la maji ya kijiji kizima limjue mtu mmoja tu. Aulize vizuri. Mimi mwenyewe ni Mpare, wa Ugweno, naruhusiwa kusema: sisi tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mvua za vuli zilipoacha kuja, ndiva ikawa ndiyo uhai wa tangawizi na maharage ya milima hii, na watu wa Juu na wa Chini wakashtakiana mpaka mahakimu wakaomba uhamisho. Ufunguo uliwekwa, ukachongwa mwingine. Namba ya siri iliwekwa, ikauzwa. Ndipo likaletwa lango linalosoma mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho, kwa kuwa mishipa hiyo haifanani kwa watu wawili, hata kwa mapacha, wala haichongeki. Wakanichagua mimi kwa sababu sina shamba Juu wala Chini, sina mtoto wa kurithi, nina cherehani tu. Wakakataa kumwandikisha wa pili, maana wa pili angekuwa wa upande gani? Wakataka mtu akiligusa lango likiwa limefungwa, lijifunge lenyewe hadi mwaka uishe. Hata sauti halina, kwa sababu hawakukubaliana liongee kwa sauti ya nani. Na siku ya kulizindua walichoma moto mbele ya mchungaji na shehe ile kadi ya mafundi iliyokuwa inaweza kubadilisha jicho. Walishangilia. Kampuni iliyolitengeneza ilishakufa zamani.

Nilifunga cherehani siku ile ile, nikashuka Same kwa gari la waya linalopita angani.

*

Daktari wa macho alikuwa msichana wa Kichaga, Dk. Aikande, mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi.

"Mama, linauma?"

"Lingeuma ningekuja mapema."

"Ndiyo ubaya wake. Huu ugonjwa hauumi. Umewahi kutoka vidonda mdomoni? Viungo kuvimba? Kikohozi? Jasho jingi usiku? Umepungua?"

"Upareni kila mtu amepungua. Ninyi watani zetu mmepandisha bei ya ndizi."

Alicheka, lakini hakuacha kuniangalia. Alinichoma sindano mkononi, ya rangi inayong'aa, akaniambia nisishtuke haja ndogo ikitoka kama soda ya machungwa. Kisha akanikalisha mbele ya mashine, na ile rangi ilipofika jichoni alipiga picha moja baada ya nyingine mpaka nikaona zambarau kila nilipotazama.

Alipoweka picha ukutani nilishika shavu. Sikuwa nimewahi kuona kitu nilichokuwa nakitumia kufungulia maji miaka yote ile. Kumbe ilikuwa mifereji. Mfereji mkuu unatoka mahali pamoja, unagawanyika, matawi yanakwenda juu na chini, yanagawanyika tena mpaka hayaonekani.

"Hii ni retina," alisema Dk. Aikande, "ngozi nyembamba nyuma ya jicho. Ndiyo inayopokea mwanga. Na hii ni mishipa inayoilisha. Umeona huu weupe, umeuvaa mshipa kama ala ya kisu? Hao ni askari wa mwili wako. Kazi yao ni kupigana na wadudu. Lakini sasa wamekusanyika kwenye kuta za mishipa yako mwenyewe, wanazishambulia. Kuta zimevimba. Zinavuja, ndiyo maana rangi imetapakaa hapa. Na hapa chini haikufika kabisa."

"Kwa nini?"

"Mshipa umeziba. Retina ikikosa damu inakuwa na njaa, na retina yenye njaa inaotesha mishipa mipya ya harakaharaka, dhaifu, inayopasuka ovyo. Hayo masizi yako ni damu na mabaki ya vita."

Nilimuuliza kama jicho la kulia litapona. Alivuta kiti akakaa karibu nami, na daktari akivuta kiti, jibu unalo tayari. Uvimbe ulikuwa umeshafika katikati, kwenye sehemu ya kusomea na kutungia uzi. Angeweza kuzuia lisiharibike zaidi. La kushoto ndilo lilikuwa linaanza. Akanionesha mshipa mmoja tu wenye ala nyeupe, mfupi, kama mwanzo wa ukungu wa mmea.

"Basi nipe dawa ya kuwapoza hao askari."

"Ninazo, steroidi. Ila bado sijui walianza kwa kupigana na nani. Mara nyingine hatumjui adui kabisa, mwili umejikosea wenyewe. Mara nyingine ni kaswende, mara nyingine ni kifua kikuu kilichojificha bila hata kikohozi. Nikiwapoza askari wakati adui yumo ndani, nimemfungulia nyumba. Kwa hiyo leo nachukua damu na picha ya kifua."

"Na ukishajua?"

"Tunaanza dawa ya adui. Kisha nakuwekea wafumaji."

Wafumaji nilikuwa nimewasikia redioni. Ni chembechembe zilizotengenezwa, ndogo kuliko vumbi la unga, zinaingizwa jichoni kwa sindano. Zinawaondoa askari ukutani, zinaziba panapovuja, na palipoziba zinafuma njia nyingine ya damu. Alisema mtu anakaa na bendeji siku chache tu.

"Njia nyingine?" nilimkatiza. "Ramani ya zamani haibaki?"

"Haibaki. Kwani unaihitaji ya nini?"

Nikamweleza habari za lango. Nilitegemea acheke, awataje Wapare. Hakucheka. Aliirudia ile picha, akaifuata mishipa kwa ncha ya kalamu.

"Kuna vidonge peke yake," alisema, "na mionzi ya kuunguza zile sehemu zenye njaa. Ndivyo walivyotibiwa watu zamani, na wengi walipona. Ramani ingeweza kubaki. Lakini jicho lako la kulia limekimbia upesi mno, mama. Nikikuahidi kuwa la kushoto litatusubiri, nitakuwa mwongo. Nipe siku chache majibu yatoke."

*

Habari zilinitangulia nyumbani. Elinami alikuja peke yake, akaingia kabla sijamkaribisha, akakaa kwenye kiti cha wateja akigusagusa vitambaa vyangu.

"Shemeji, pole. Tumesikia. Huyo daktari anasemaje?"

Nilimwambia yote. Alisikiliza kweli, sitamsingizia. Kisha akaanza kuzunguka chumbani. Tangawizi yake ilikuwa imebakiza wiki chache. Mwaka uliotangulia iliungua yote ardhini, na binti yake akarudishwa nyumbani kutoka chuoni kwa kukosa ada. Alisema ndiva imejaa. Lango likiacha kunijua, maji yatakaa pale yakiwatazama huku majani yanajikunja.

"Naogopa hata kulisema," alisema. "Lakini huwezi kusubiri kidogo tu? Mpaka mavuno?"

"Jicho haliyajui mavuno, Elinami."

"Najua. Ndiyo maana nasema naogopa."

Hasira ilinipanda, kisha ikashuka, maana alikuwa hanitazami. Mtu mwenye aibu ni vigumu kumfukuza. Nilijiuliza nami, kwa ukweli: watu wote wale, watoto wao, na jicho moja la mshona nguo. Nikilikataa ombi hilo mimi ni nani? Na wanaoliomba wao ni nani? Nikageukia cherehani, nikaifunika kitambaa.

Ndipo akasema kilichomleta.

"Hiyo picha. Daktari anayo, sivyo? Yule kijana wa Mshana yuko Arusha, anatengeneza macho ya kioo. Amesema akipata picha ya mishipa, anaweza kutengeneza jicho ambalo lango litalikubali. Wewe unatibiwa kesho, maji hayakatiki. Kila mtu anapona."

Lilikuwa wazo zuri. Naapa, kwa dakika nzima nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia. Kisha nikauliza: "Chini wamesemaje?"

Akakohoa.

"Elinami. Nanzia na watu wake wa Chini wanajua?"

"Tutawaambia. Likishakuwa tayari."

"Litakaa kwa nani?"

"Kwangu. Unanijua, shemeji. Mimi nitagawa kwa haki."

"Wewe nakujua," nilimwambia. "Mwanao simjui. Na huyo wa Mshana akitengeneza moja, nani atamzuia kutengeneza la pili?"

Alitoka bila kuaga, akaacha mlango wazi.

*

Dk. Aikande alipiga simu baada ya siku chache. Damu ilionesha kifua kikuu kilichojificha. Mapafu yalikuwa safi. Nianze vidonge vyake siku hiyo hiyo, na wafumaji wangefuata mara tu mwili ukivizoea.

"Na hiyo picha," nilimuuliza, "ni ya nani?"

"Ni yako. Hapa ametoka mtu kuiulizia, anasema ni shemeji yako. Nimemwambia aondoke. Lakini wewe ukiniambia nikupe, nakupa, hiyo ni haki yako."

"Ichome."

"Siwezi, mama. Bila hiyo sitajua wafumaji wamefanya nini. Naifungia. Ila sikufichi, mtu akitaka sana kitu kilichofungiwa, huwa anakipata."

Nilikaa na simu mkononi. Kwa hiyo nikitibiwa, ufunguo wa ndiva hautakuwa usoni mwangu tena. Utakuwa ndani ya kabati la hospitali, unamsubiri wa kwanza mwenye ujanja. Nisipotibiwa, nitakuwa kipofu, na lango litafungwa vilevile. Nikawaza huku na huku, nikasimama, nikakaa, nikachemsha chai nikaisahau ikakauka. Kila njia niliyoishika ilinirudisha kwenye lile bamba la chuma. Tatizo halikuwa jicho langu. Tulikuwa tumetengeneza kitu ili tusilazimike kuaminiana hata siku moja, na mimi ndiye niliyekuwa nimefungwa humo ndani.

Nikavaa viatu nikaenda kwa Nanzia, msemaji wa Chini, mwanamke mwenye sauti ya kengele. Kisha nikaenda kwa Elinami. Wote wawili niliwaambia maneno yale yale: kesho asubuhi, ndivani, kila upande uje na spana na mitaimbo.

*

Walikuja. Kila upande ulisimama kwenye ukingo wake wa mfereji.

"Bolti zinazoshika lango zimo ndani ya fremu," niliwaambia. "Likiwa limefungwa hazifikiki. Likipanda zinaonekana, moja upande wa Juu, moja upande wa Chini. Nitalifungua. Ling'oeni."

"Liking'oka?" aliuliza Nanzia.

"Mtaziba kwa gogo na udongo na majani ya mgomba, kama babu zenu. Na zamu mtakaa wenyewe hapa, mtu wa Juu na mtu wa Chini, mkitazamana."

"Tutauana!"

"Basi mtauana mkiwa mnaonana."

Nikainama kwenye kioo. Masizi yalikuwa yameingia jicho la kushoto pia tangu alfajiri, na sikuwa nimemwambia mtu. Nyekundu. Nikahema, nikarudisha kichwa kidogo, nikafumbua mpaka machozi yakatoka. Nyekundu iliwaka, ikazima, ikawaka kijani. Bamba likapanda, maji yakaruka.

"Haraka!"

Wakaanza kubishana.

Sisemi uongo. Elinami alisema Chini waanze kulegeza bolti yao, maana Juu wakianza, Chini watawahi kulibana lango lilalie upande wao. Nanzia akasema Juu ndio waliotembelea hospitali kwa siri, hawaaminiki, waanze wao. Mtu fulani akataka yaandikwe. Mwingine akauliza yataandikwa na nani. Na lango letu lina desturi yake, kila baada ya kitambo linauliza tena kama mwenye jicho bado yupo. Taa ikageuka njano.

Nikaweka jicho. Sikuona taa. Niliona kitu cheusi kinamwagika polepole kutoka juu, kama wino kwenye maji.

"Fundi, nyekundu!" alipiga kelele Nanzia.

"Siioni!" nilisema. "Jamani, sioni!"

Nikasikia bamba linaanza kushuka. Nikasikia mtaimbo unachomekwa chini yake, na sauti ya Elinami ikigumia. Lango lilikuwa linasukuma kuliko nguvu za mtu mmoja. "Mama Kiangi!" Elinami alimwita Nanzia kwa jina la mtoto wake, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Nisaidie, linanishinda!" Ukaingia mtaimbo wa pili kutoka ukingo wa pili. Kisha spana zikaanza kulia pande zote mbili kwa pamoja, watu wakikanyagana majini, na hakuna aliyeuliza nani ameanza.

Lilipong'oka lilianguka mferejini kwa kishindo, likanirushia tope. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilinyoosha mikono mbele kama mtoto, na mikono miwili tofauti ikanishika, mmoja kila upande, na sikujua ni ya nani.

"Nipelekeni kwa yule Mchaga," nilisema.

*

"Ulikuwa unasubiri nini?" Dk. Aikande alifoka. Alikuwa karibu kulia, nilimsikia.

"Wapare."

Alisafisha damu, akaingiza wafumaji. Sindano ya jichoni haiumi kama inavyotisha. Unahisi msukumo tu, na baadaye mwasho, mdogo sana, kama mtu anatembeza uzi mahali usipofikika. Niliendelea kumeza vidonge vya kifua kikuu, na nimeambiwa nitaendelea navyo kwa miezi. Nikikaa gizani na bendeji nilisali, nikagombana na Mungu, nikasali tena.

Alipoifungua, kwanza niliona mwanga wa maziwa. Kisha dirisha. Kisha uso wake, mwembamba, wenye miwani iliyopinda.

"Kumbe unapendeza," nilimwambia. "Nilidhani Wachaga wote wana sura ya duka."

Alinikumbatia. Jicho la kulia halikurudi. Linaona mwanga na vivuli tu, na nimelilia, silifichi hilo. La kushoto linaona. Aliweka picha mpya ukutani na nikaitazama kama mtu anayeoneshwa shamba la mgeni. Mifereji ilikuwa inapita mahali pengine kabisa. Sikuutambua hata mmoja.

Mchana huo Elinami alipiga simu, anahema. Mfereji umezibwa kwa gogo. Usiku watu wamekaa pale pande zote mbili, wametukanana hadi kumekucha, lakini maji yamegawanywa. Sasa kuna ubishi juu ya lile bamba la chuma, likae Juu au Chini, na Nanzia anasema watanikubali mimi tu niamue. Naweza kupanda na gari la waya la jioni?

"Siji," nilisema.

"Shemeji, lakini wanakutaka wewe."

"Nimesikia. Gombaneni wenyewe."

Nikakata simu, nikaiweka chini ya mto. Dk. Aikande alitaka kufunga pazia, nikamwomba aliache. Jua lilikuwa linaingia mpaka kitandani. Nikafumba macho yangu kwa kupenda mwenyewe, nikalala, na hakuna aliyekuja kuniamsha.